La Juu Halihesabiwi

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Kristina, mwambie kwamba darasa la kwanza ni darasa rahisi. Atakutazama kuanzia viatu hadi utosi, kisha atakuomba uingie wewe ukakae na watoto themanini na watatu mpaka kengele ya uji, ndipo mje mzungumze. Ameshika darasa hilo miaka thelathini na mmoja. Wenzake wamehama, wamepanda vyeo, wamekwenda masomoni wakarudi na suti. Yeye yuko pale pale, na chaki zake na kile kipande cha kanga cha kufutia makamasi ya watoto wa watu.

Shule yenyewe iko njia ya Matombo, ukishaipita Mkuyuni. Jina tuliache, maana wenyewe wapo na simu wanazo. Ukisimama mlangoni kwake asubuhi unaona milima ya Uluguru imejifunika ukungu mpaka mabegani, na watoto wanashuka kwenye vijia, soksi zimelowa umande, mmoja kashika ndizi ya kuchoma, mwingine kamshika mdogo wake ambaye hata umri wa shule hajafika ila hakuna wa kumwachia. Kristina huwapokea wote. Anasema mtoto wa wiki ya kwanza usimfukuze hata kama si wako.

Januari hafundishi herufi. Januari anafundisha kukaa, kungoja zamu, na kuitikia jina. Wako watoto ambao hawajawahi kuitwa majina yao ya cheti. Nyumbani ni Babu, ni Kadogo, ni Chausiku, na mwalimu akisoma jina la daftarini mtoto anageuka nyuma kumtafuta huyo mtu. Na sentensi ya kwanza anayowafundisha, kabla ya a e i o u, ni hii: "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." Wanaiimba siku nzima. Ana sababu yake. Yeye mwenyewe alizaliwa huko juu, kijiji cha misheni, kwa wazazi wakulima wa magimbi na mboga, na alipoanza shule alikuwa na Kiluguru peke yake. Siku ya tatu alishikwa na haja, akatafuta maneno ya Kiswahili hakuyapata, na kilichofuata darasa zima lilikiona. Ana miaka hamsini na saba sasa, lakini akikusimulia bado anacheka huku anatazama pembeni.

Februari zinaingia silabi. Ba be bi bo bu, wanaimba mpaka mabati yanaitika. Mgeni akipita nje atasema watoto wameshajua kusoma. Kristina hadanganyiki na wimbo. Anaziba herufi zote kwa mkono, anaacha moja, anauliza, na wimbo unakatika hapo hapo. Hapo ndipo kazi inapoanza. Watu wanadhani mtoto anakuja shule kama gunia tupu, wewe kazi yako kujaza. Kristina alishaacha kuamini hivyo zamani, au alidhani ameacha.

Maana mwaka huu aliletewa Sabra.

Sabra ni mjukuu wa Bi Mwanaheri, muuza machungwa wa sokoni Mkuyuni. Mama yake ameolewa Kilosa, na mtoto, kama ilivyo kawaida ya Waluguru, akabaki kwa bibi mzaa mama. Ni msichana mdogo wa kimo, mtulivu, macho makubwa. Kusoma alipata upesi. Kufikia Aprili alikuwa anasoma "baba ana bata" bila kuimba. Kuandika, mkono wake mzuri kuliko wa baadhi ya watu wazima. Lakini hesabu! Hapo Kristina alishika kichwa.

Ukimwambia, "Sabra, nipe vijiti vitano," anakuletea sita. Vitatu, anakuletea vinne. Ukimwambia achore maembe manne, anachora matano. Basi ungesema anazidisha moja kila mara, hilo lingekuwa na dawa. La hasha. Ukurasa wa kitabu ulikuwa na picha ya ndege saba, sita chini wanadonoa na mmoja kwenye tawi, na Sabra akaandika 6. Huku anazidisha, huku anapunguza. Na siku ya kujumlisha mbili na tatu, Kristina alipita kwenye dawati lake akaona vijiti saba vimelala, lakini daftarini mtoto kaandika 5. Jibu sahihi. Kristina akasema huyu kaangalizia kwa mwenzake, akampiga kosa, na kumhamisha dawati.

Kuna siku alijaribu kumchimba. Alimwita mbele, akamwekea vijiti mezani.

"Nipe vitano."

Sabra akatoa vitano, akavipanga, kisha akachukua cha sita na kukilaza juu ya wenzake.

"Hivi vingapi?"

"Vitano, mwalimu."

"Na hiki je?"

"La juu."

Kristina akainua macho kutazama dari. Hakukuwa na dari, kulikuwa na bati na kiota cha shomoro. Watoto wote wakatazama juu naye, wakacheka. Akamwambia Sabra akae, na kwamba kijiti ni "cha", si "la". Mtoto akakaa, na tangu siku hiyo akiulizwa hesabu ananyamaza tu.

Mwezi Juni mwalimu mkuu, Mwalimu Wilfred, alimwita Kristina ofisini. Wilfred ni kijana wa Iringa, mpole, ana miaka mitatu tu shuleni hapo, na ana heshima zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimepitia taarifa zako za nusu mwaka. Huyu Sabra. Umeandika mwenyewe hapa: *Hana dhana ya namba.* Kuna nafasi kule mjini, kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Wanachukua mpaka Ijumaa. Nikiandika barua, tunamsaidia."

"Atakaa wapi huko mjini?"

"Nasikia ana mama mdogo Mwembesongo."

Kristina alitazama maandishi yake mwenyewe, kwa wino mwekundu, mwandiko ule ule wa miaka thelathini na mmoja. Kitengo si jehanamu, kina walimu wake waliosomea, na kina watoto wanaokihitaji kweli. Lakini kumng'oa mtoto wa miaka saba kwa bibi yake si jambo la kusainiwa huku umesimama. Aliomba apewe mpaka Ijumaa asubuhi, ili kwanza akaongee na bibi ana kwa ana. Wilfred akakubali, ila akasema siku hiyo atampima mtoto mwenyewe, na barua itakuwa tayari kwenye droo.

Alhamisi baada ya vipindi Kristina alishuka Mkuyuni. Pale sokoni mlangoni pana fundi wa pikipiki, Nasibu, mtu mzima sasa, ana mke na watoto wawili. Alipomwona aliweka chini bomba la upepo, akafuta mikono.

"Shikamoo mwalimu wangu!"

"Marahaba, Nasibu. Hujambo?"

"Sijambo. Leo umenikuta vibaya, hata kiti cha kukupa sina."

Nasibu alikuwa mwanafunzi wake, zamani sana. Alirudia darasa la kwanza, akarudia tena, na mwaka uliofuata hakuja. Kwenye taarifa yake pia yaliandikwa maneno yale yale manne kwa wino mwekundu. Kristina alikuwa hajawahi kukosa usingizi kwa jambo hilo. Kila alipomwona Nasibu akifungua injini na kuifunga bila kubakisha hata nati moja, alijiambia kwamba si kila mtu ni wa kalamu, riziki mafungu saba. Siku hiyo pia alijiambia hivyo, akapita.

Bi Mwanaheri alikuwa amekaa mbele ya gunia lake, machungwa yamepangwa mafungu mafungu. Sabra yuko pembeni yake, bado na sare. Kwa mila zetu habari mbaya haitangulii. Kwanza unasalimia, unaulizia mvua na magoti, unanunua kitu, ndipo unajikohoza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Huyu hajafanya utundu huko?"

"Hajafanya, bibi. Nipe machungwa ya kupeleka nyumbani. Fungu moja, matano."

"Sabra, mfungie mwalimu."

Mtoto akapiga magoti. Akachagua yaliyoiva, akayapanga duara juu ya gunia, na mdomo wake ukawa unahesabu pole pole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakukosea, hakusita. Kisha, bila kuhesabu, akachukua chungwa jingine na kuliketisha katikati, juu ya mengine, kama mtu anavyofunika chungu. Akakunja mikono.

Kristina akainama karibu naye.

"Sabra," akasema taratibu, "hayo mangapi?"

"Matano, mwalimu."

"Na hilo je?"

Mtoto akamtazama bibi yake kwanza, kwa woga, kama anauliza kama hapa inaruhusiwa kusema.

"La juu," akajibu.

Bi Mwanaheri akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "La juu halihesabiwi, mwalimu! Wewe si wa huko huko juu kwetu? Umesahau? Hilo ni la kumkaribisha mtu. Huyu nimemfundisha tangu ana miaka mitatu. Nimemwambia, mtu akitaka matano ukampa matano makavu, umeuza, lakini umemwonyesha uchoyo. Hata fungu la ndizi mbili, weka la juu. Kutoa ni moyo."

Kristina aliyatazama yale machungwa. Alikuwa anamwona mama yake, marehemu, amechuchumaa kwenye gulio na magimbi, mkono wake unaweka gimbi la mwisho juu ya fungu bila hata kuliangalia. Alilishwa na kusomeshwa na mafungu yale. Alikuwa akiyapanga mwenyewe akiwa mdogo kama Sabra. Halafu akaenda chuo cha ualimu, akapewa vijiti na vifuniko vya soda, na la juu akalisahau huko.

Sasa kila kitu kilimrudia kwa mfuatano. Vijiti sita ni vitano na cha juu. Maembe manne, na lile la tano, sasa anakumbuka vizuri, lilichorwa limekalia mengine. Ndege sita chini, na yule wa kwenye tawi ni wa juu, hahesabiwi. Na vijiti saba kwenye dawati vilikuwa viwili na cha juu, vitatu na cha juu, na mtoto akajumlisha vilivyostahili kujumlishwa, akapata tano. Tano kabisa, kwa akili yake mwenyewe. Na mwalimu wake akamwita mwizi wa majibu.

Aibu ilimshika Kristina mpaka akashindwa kufungua mkoba. Alikuja kusema habari ya barua, hakuisema. Alimshika Sabra begani akamwambia, "Kesho uwahi. Uje kabla ya wenzako."

Ijumaa walikuwa wawili darasani, ukungu bado uko madirishani. Kristina aliweka vijiti mezani. Alikuwa amelala akifikiri atasemaje. Kumwambia mtoto kwamba bibi yake amekosea hakuweza, maana bibi hajakosea. Kumwambia aache kuongeza hakutaka; nani anataka kumfundisha mtoto uchoyo, tena shuleni, tena kwa mshahara wa serikali?

"Sabra, jana nimekula la juu," akaanza. "Lilikuwa tamu kuliko yote."

Mtoto akatabasamu, mara ya kwanza tangu Aprili.

"Sasa sikiliza. Sokoni unampa mtu, kwa hiyo unaweka la juu na hulihesabu. Hapa darasani humpi mtu. Hapa tunataka kujua tu viko vingapi. Kila kilichopo tunakihesabu, na cha juu nacho. Ukimaliza kuhesabu, hapo sasa ukitaka kumpa mtu, mpe."

Sabra alifikiri. Kristina akamwacha afikiri, na kwa mtu aliyezoea watoto themanini na watatu, kungoja kule kulikuwa kazi ngumu.

"Kwa hiyo hapa ndege walikuwa saba," mtoto akasema mwishowe.

"Saba."

"Na wa kwenye tawi."

"Na wa kwenye tawi, mwanangu."

Saa tatu Mwalimu Wilfred aliwaita ofisini. Droo ilikuwa wazi kidogo na barua inaonekana, imeshapigwa muhuri. Aliweka mkebe wa vijiti mezani, akanyoosha kiganja.

"Nipe vitano, Sabra."

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mkono wa Sabra ukarudi mkebeni, ukakigusa cha sita. Kristina alitamani kukohoa, alitamani hata kutikisa kichwa, na hakufanya lolote, kwa sababu akifanya hivyo hilo jibu litakuwa lake na si la mtoto. Sabra alimtazama. Kisha akakiachia kijiti, akarudisha mkono mapajani.

Vitano.

Wilfred akataka vinane, akapata vinane. Akauliza nne na tatu, akaambiwa saba. Akafungua ukurasa wa ndege, kidole cha Sabra kikapita kwa wote wa chini, kikapanda mpaka kwenye tawi. Akamtazama Kristina, akamtazama tena mtoto. Hakuwa mtu mbaya; alifurahi waziwazi. Akaitoa barua drooni, akaichana mara mbili na kuitupa kapuni.

"Mama, umemfanyaje huyu kwa usiku mmoja?"

"Sijamfanya kitu. Nimemuuliza."

"Basi, Sabra, nenda darasani."

Sabra alisimama, lakini hakuondoka. Alikuwa anamtazama mwalimu wake.

"Mwalimu, sasa nimpe?"

Kristina akashindwa kujizuia, machozi na kicheko vikaja pamoja. "Mpe."

Mtoto akachukua kijiti kimoja mkebeni, akakilaza juu ya vile ambavyo mwalimu mkuu alikuwa ameshavikusanya kiganjani avirudishe, akapiga goti kwa adabu, akatoka mbio. Wilfred alibaki na mkono hewani.

"Na hiki cha nini tena?"

"Hicho hakihesabiwi," Kristina akasema. "Nenda kanunue machungwa Mkuyuni, baba, utaambiwa."

Ingekuwa hadithi ya kuwafurahisha watu, ningeishia hapo. Kristina mwenyewe alitaka iishie hapo. Alikata kwa kalamu yale maneno mekundu, akaandika mengine, akafundisha mpaka saa ya kutoka. Lakini kwenye ukuta wa darasa lake, juu ya ubao, pamechorwa kwa rangi ya bluu: KUULIZA SI UJINGA. Alipachora mwenyewe, mwaka wake wa pili kazini. Miaka yote alidhani maneno yale ni ya watoto.

Jumamosi alishuka tena Mkuyuni. Hakwenda kwa Bi Mwanaheri. Alisimama kwenye kibanda cha Nasibu, akangoja amalize gurudumu la mteja.

"Nasibu."

"Naam, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nina swali. Ulipokuwa darasani kwangu, kwenye hesabu, nilikuwa nakupiga makosa. Ulikuwa unahesabuje?"

Nasibu alidhani ni utani, akacheka. Alipoona mwalimu wake hacheki, aliinama, akaokota spana, akaifuta na kuitazama kwa muda kama imeandikwa kitu. Alijaribu kwelikweli, Kristina aliona anavyojaribu.

"Nilikuwa na njia yangu," akasema. "Hilo nakumbuka. Nilikuwa najua kabisa kwamba niko sawa. Lakini ilikuwaje..." Akatikisa kichwa. "Imeshapotea, mwalimu. Siku zile hakuna aliyeniuliza."

Hakuisema kwa ubaya. Akamfutia vumbi ndoo iliyopinduliwa, akamkaribisha akae.